Nilimuuliza Katekista Ni Nani

Siku niliyotaka kumpiga Katekista kwa fimbo ya kupimia vitambaa tulikuwa kibandani kwangu, sokoni Newala, msimu wa korosho, watu wanapokuwa na moyo wa kununua. Nilikuwa nimempata mteja, mama mmoja mnene wa Tandahimba, ameshajizungushia kitenge cha zambarau kiunoni, anajigeuza huku na huku. Katekista alikuwa amesimamisha baiskeli anisalimie tu apite zake. Yule mama akamwona mtu mzima mwenye kola safi, akamgeukia.

"Shikamoo baba. Eti, kimenikaa?"

"Marahaba. Kimekukaa vizuri sana," akasema Katekista. "Ila kinachuja. Dada yangu alikifua pamoja na mashuka, sasa nyumba nzima inalalia zambarau."

Weee! Yule mama alikivua kile kitenge kama kina siafu. Nilimfukuza Katekista mbele ya soko zima, nikamwambia akahubiri kanisani aniachie riziki yangu. Hakukasirika. Wiki iliyofuata akaniletea mteja mwingine, mama wa kanisani kwetu, amemshika mkono kabisa. "Mama Neema, nimemwambia huyu kwamba kile cha kijani hakichuji. Kweli hakichuji?" Nikasema hakichuji. Akanitazama. Nikasema, "Kinachuja kidogo, ukikifua mara ya kwanza tu." Yule mama akacheka, akanunua.

Ndivyo alivyokuwa. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu mtu huyohuyo alikuja kusimama mbele ya wazee wa kanisa akasema juu yake mwenyewe jambo ambalo halikuwa kweli hata chembe. Na aliyemsukuma akalisema ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Jina lake sitalitaja. Hata hivyo watu wengi hawakulijua. Hapa Newala yeye alikuwa Katekista tu, kwa Wakristo na kwa Waislamu, kwa wakubwa na kwa wadogo. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, na kuongoza ibada padri anapokuwa kwenye mitaa mingine. Mimi ni mtu wa kuja. Kwetu ni Singida. Mume wangu alihamishiwa huku na serikali, kisha akahamishiwa Kigoma, akaoa hukohuko, na mimi nikabaki na kibanda cha vitenge na binti yangu Neema. Nina mdomo, najua. Katekista aliniambia mara moja kwamba mdomo wangu ungefaa kuita watu ibadani, tungeokoa kengele.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alipenda viatu kuliko inavyompasa mtu wa Mungu. Vumbi letu jekundu halikuvigusa. Alivibeba kwenye mfuko wa plastiki, akatembea na kandambili hadi mlango wa kanisa, akaketi kwenye ngazi, akapangusa miguu kwa kitambaa maalumu, ndipo akavivaa. Ibada ikiisha anavivua. Nilimuuliza kwa nini asivae kandambili tu, Mungu si anaona moyo? Akasema, "Moyo wangu nimeshauona, Mama Neema. Afadhali aangalie viatu."

Aliimba vibaya, jamani, vibaya. Sauti yake ilitoka puani na kukwama njiani, na bado ndiye aliyewasahihisha kwaya. Akiwa na hasira aligeukia Kimakonde, akamaliza, akarudi kwenye Kiswahili na sura ya upole, akaomba msamaha kwa yale ambayo wengine hatukuyaelewa. Umbea hakuutaka. Ukimletea habari ya mtu, anainua mkono: "Hilo tumwachie mwenye nalo." Ukiendelea, anapanda baiskeli.

Hakunywa pombe, na alifundisha dhidi ya pombe mpaka walevi wakamwogopa kuliko polisi. Lakini msimu wa mabibo, alipokwisha kutoa korosho zake, aliyafunga mabibo kwenye ndoo, akaipakia nyuma ya baiskeli, akampelekea bibi mmoja jirani yake mpika uraka, pombe ya mabibo. Kila mwaka, mchana kweupe. Nikamwambia, wewe Katekista, unawanywesha watu jioni halafu unawasema Jumapili! Akanijibu bila haya yoyote, "Mimi napeleka matunda kwa mjane. Akiyakamua, ni yeye na ndoo yake."

Darasani alikuwa mtu wa swali moja. Mtoto akijibu sawasawa, yeye anauliza, "Nani amekuambia hivyo?" Mtoto akisema ni mama, au ni kitabu, anaambiwa akae chini, afikirie. Neema wangu alizikariri amri zote na sala zote, nikamshonea gauni jeupe tayari, na Katekista akamrudisha mwaka mzima. Nilimwendea nyumbani kwake nikiwa nimejifunga khanga kiunoni kwa vita. Akanisikiliza mpaka nikachoka. Akasema, "Anajua kujibu, Mama Neema. Bado hajajua kuuliza. Mtu asiyejua kuuliza atakuja kuumiza watu." Nilidhani anamsema mtoto.

Kuna jambo moja ambalo alikuwa mkali nalo hadi kupita kiasi, nalo ni shukrani. Kanisani kwetu mtu akipona, au mtoto akifaulu, au akirudi salama kutoka safari, analeta shukrani yake mbele: jogoo, ndoo ya choroko, debe la muhogo mkavu. Kwaya inaimba, ndugu na majirani wanamsindikiza wakicheza hadi madhabahuni. Ni raha. Lakini Katekista hakupenda mtu anayeshukuru huku mkono wa pili bado unaomba. "Ukishashukuru, nyamaza," alikuwa akisema. "Usimshukuru Mungu halafu umwonyeshe kwamba humwamini."

Basi kuna mzee mmoja alileta jogoo kushukuru kwa kupona mguu, akaja anachechemea na fimbo. Katekista akampokea, akamwombea, kisha akamuuliza mbele ya watu wote, "Baba, umeshaushukuru mguu. Hiyo fimbo sasa ya nini?" Kanisa likaangua kicheko. Yule mzee, kwa aibu, akaiacha fimbo pale pale na kwenda nyumbani akishikilia kuta za watu. Ulikuwa ukatili, nauona leo. Siku ile nilicheka kuliko wote.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia kwenye siri yake.

Mke wake aliugua muda mrefu. Katekista alimhudumia mwenyewe, alimwogesha, alifua nguo zake na kuzianika uani, wanaume wenzake wakimshangaa. Alipofariki, yeye alikaa kimya mwezi mzima, kisha akaja kibandani nikiwa nafunga.

"Mama Neema, unajua kunyamaza?"

"Sijui," nikasema.

"Angalau hunidanganyi." Akaangalia huku na huku. "Nina virusi. Mke wangu alikuwa navyo, na mimi ninavyo. Nimeanza dawa. Kliniki wanataka mtu mmoja anayejua, wa kunikumbusha na kunifuatilia. Nimefikiri ni wewe."

Nikamuuliza kwa nini mimi, ana ndugu tele. Akasema, "Hapa kila mtu ana shangazi wa kumwambia. Wewe huna ukoo huku. Maneno yako hayana pa kwenda." Iliniuma, lakini ilikuwa kweli tupu. Nikakubali. Nani alimletea mwenzake, yeye au mkewe, sikuuliza. Wakati ule niliweza kutouliza.

Kituo cha Newala alikikataa, maana mfagiaji wa pale alikuwa mwanafunzi wake wa ubatizo. Tukawa tunateremka Masasi. Mimi nina sababu yangu, nafuata mzigo wa vitenge kwa wenye maduka ya jumla, yeye anasema ana kazi ya kanisa, na kweli alikuwa akipitia kanisani kusalimia ili lisiwe uongo. Kopo la dawa alilijaza pamba ili vidonge visilie kwenye mfuko. Alimeza kila jioni taarifa ya habari inapoanza redioni, na mimi nampigia simu, namwuliza, "Umesikiliza habari?" Anajibu, "Nimesikiliza." Ndiyo ilikuwa lugha yetu, miaka na miaka. Alinenepa, mashavu yakarudi. Alifundisha, aliwasumbua kwaya, aliniharibia biashara.

Kisha wakampima wingi wa virusi kwenye damu, na nesi akatuita wote wawili ndani, anatabasamu. Virusi havionekani kwenye kipimo. Alieleza vizuri, simsingizii: havionekani, hatamwambukiza mtu, ila dawa ni za maisha, asiache. Tulisikia wote. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia nilichotaka. Nilitoka pale nikipiga vigelegele barabarani, watu wa bodaboda wakanigeukia, Katekista ananivuta khanga, "Mama Neema, jamani, taratibu."

Nikamwambia, "Lazima ukashukuru."

"Bado."

"Bado nini? Mungu amekutendea makubwa, wewe unakaa kimya kama ulijitendea mwenyewe?"

Sikumwacha. Kipimo kilichofuata kikasema vilevile, nikamsema. Kilichofuata tena, nikamsema. Nilimwambia anawafundisha wenzake shukrani na yeye ni mchoyo. Hilo la uchoyo lilimwingia. Jumapili moja akaja na jogoo mweupe na debe la korosho zilizobanguliwa, akasema anashukuru kwa jambo analolijua Mungu. Nilimsindikiza mbele nikicheza, na yeye akacheza, Mungu wangu, miguu mirefu ile kila mmoja na njia yake. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Jioni ile ile aliacha dawa.

Sikujua. Nilikuwa nimeanza kusahau simu za jioni, maana nilijiambia mambo yameisha. Alikuwa na makopo ya miezi kadhaa, kwa hiyo hatukuwa na safari ya kliniki. Siku ya kurudi Masasi ilipofika, nilimwacha mlangoni mwa kliniki nikaenda kwenye mzigo wangu. Tulipokutana stendi alikuwa ameketi juu ya jiwe, mfuko mapajani.

"Vimerudi," akasema. "Vingi."

"Vimerudije?"

"Niliacha dawa tangu siku ya shukrani. Nesi anasema ukiacha vinarudi. Kulikuwa na foleni kubwa, amenipa kopo, nianze tena leo."

Kama ningekuwa mtu mwenye akili ningesema, basi anza leo. Lakini nilikuwa na hesabu yangu kichwani, rahisi, ya sokoni. Virusi havikuonekana, maana yake havikuwepo. Havikuwepo, sasa vipo, maana yake vimeletwa. Mjane wa kiume, mwenye afya, mwenye viatu vinavyong'aa. Mimi nimeachwa na mume aliyekuwa akiniambia yuko semina. Nilijiona mjanja.

"Katekista," nikasema, "ni nani?"

"Nani nani?"

"Aliyekupa. Kuacha dawa hakuwezi kuleta kitu kisichokuwepo. Havikudondoka kutoka mbinguni. Mimi si mtoto, niambie tu, ni nani?"

Alinitazama. Sijawahi kuona mtu akinitazama hivyo, kama mtoto aliyepigwa na mtu asiyemtegemea. Tulipanda gari, tukapanda mlima wote hadi Newala, na hakusema neno, na mimi nikachukulia ukimya wake kuwa jibu. Nilimkasirikia! Nilijisikia nimedanganywa mimi.

Mwezi haukuisha, akasimama mbele ya padri na baraza la wazee wa kanisa akasema ameanguka katika uzinzi na anaomba kuachia kazi. Walimbembeleza ataje ni nani ili warekebishe mambo kimya kimya. Akakataa. Akafunga nyumba, akaenda kuishi kwenye shamba lake la mikorosho, Makote.

Mji haukukubali kubaki bila jina. Wakatafuta mwanamke aliyekuwa akipanda naye gari kwenda Masasi miaka yote hiyo, aliyempigia simu jioni, aliyemchezea mbele siku ya shukrani. Hawakutafuta mbali. Wakasema ni mimi.

Kwaya nzima ikaacha kununua kwangu. Walipita mbele ya kibanda wakiangalia upande wa wauza dagaa. Mke wa mzee wa kanisa alinirudishia salamu kwa kidevu. Ningeweza kusema ukweli kwa sentensi moja, lakini hiyo sentensi ilikuwa siri yake, na niliitunza. Hilo tu nililifanya sawa. Lakini kumwendea? Kumpigia simu jioni? Sikufanya. Nilijiambia nikionekana Makote nitathibitisha maneno yao. Nilijua yuko peke yake, hana wa kumkumbusha, na kopo liko mfukoni mwake limejaa pamba. Nilijua, na niliendelea kupanga vitenge vyangu.

Simu ilipigwa na nesi wa Masasi, miezi imeshapita. Mteja haji, hapokei, mimi ndiye msaidizi wake, kuna nini? Nikateremka. Nilipofika nikamwaga yote, mwanzo hadi mwisho, na nikamalizia na lile swali langu, nikitegemea aniunge mkono.

Yule nesi ni binti mdogo, angeweza kuwa dada yake Neema. Aliweka kalamu chini.

"Mama, hakuna aliyempa. Vilikuwemo."

"Vilikuwemo wapi, na nyinyi mlipima mkasema havionekani?"

"Tulipima damu. Virusi vinaingia ndani kabisa ya seli za kinga, vingine vinalala humo. Vinalala kwenye tezi, kwenye utumbo, wataalamu wenyewe bado wanatafuta maficho yote. Dawa inazuia vile vinavyozaana. Kilicholala hakizai, kwa hiyo dawa haikipati, na kipimo hakikioni. Ukiacha dawa, vichache vinaamka, vinazaana, na baada ya wiki chache damu imejaa. Ni vilevile vya zamani, mama. Havikutoka kwa mtu."

Nikakaa. Nikaomba maji. Nikamwuliza, na kama akianza dawa sasa? Akasema, "Kama yuko hai, mpeleke kituo chochote cha karibu. Leo, si kesho." Lile neno *kama* lilinitoa pale mbio.

Nilifika Makote kesho yake asubuhi na bodaboda. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya ukuta wa kibanda, amejifunika shuka kwenye jua kali. Nilimtambua kwa urefu. Midomo ilikuwa na utando mweupe na kikohozi kilimkunja. Na bado alikuwa na adabu zake.

"Karibu, Mama Neema. Sina chai."

Nilipiga magoti kwenye mchanga nikamwambia yote aliyosema nesi, kwa haraka, nikichanganya, tezi na utumbo na kulala na kuamka. "Hukupewa na mtu. Vilikuwemo. Vilikuwemo siku zote."

Alifumba macho. "Hata siku ile ya shukrani?"

"Hata siku ile."

Alikohoa, au alicheka, sijui. Nikamwuliza kile kilichokuwa kinanila: kwa nini alisema ameanguka, na hakuanguka?

"Uliniuliza ni nani," akasema. "Nesi hakuniuliza hivyo. Ni wewe. Na wewe unanijua. Nikasema, kama Mama Neema ameona hivyo, basi yupo. Nikaanza kumtafuta. Nikakumbuka mama mmoja aliyeleta mtoto kubatizwa, nilimwangalia akiwa anainama, nikamwangalia tena. Mara mbili. Nikasema, basi ni hapo. Kuangalia kwa kutamani nako kumeandikwa kuwa ni uzinzi." Akapumzika. "Dawa niliona nisizimeze. Nilikuwa nimeshashukuru, nikaanguka, sasa nirudi kuomba kwa uso gani?"

Nililia, silii hovyo mimi, nililia kwa sauti mpaka dereva wa bodaboda akasogea mbali. Katekista ndiye aliyenibembeleza. Akaniambia ninyamaze, akanipa ncha ya shuka lake nijifute.

Alitaka Masasi. Nikamwambia Masasi hutafika, tunakwenda Newala. Akatikisa kichwa, akataja yule mfagiaji. Nikamwinua bila kumsikiliza. Alikuwa mwepesi kama ungo. Tukakaa mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma, na kwa kuwa hakuweza kujishikilia nilimkumbatia kwa mikono yote miwili, kidevu changu begani kwake. Njia ya kwenda kituoni inapita sokoni, na ilikuwa siku ya gulio. Watu walisimama. Mmoja akapiga mluzi.

"Mama Neema, wanatuangalia."

"Wacha waangalie," nikasema, na nikamaanisha.

Alilazwa. Walimtibu kifua kwanza, kisha wakamrudisha kwenye dawa, na polepole, polepole sana, akarudi. Nilimpelekea uji kila siku. Jioni nilimwuliza kama amesikiliza habari. Mvua zilipokwisha alikuwa anatembea mwenyewe. Kazi yake alishapewa kijana mwingine, na hakuidai. Nilimwambia, basi, umepona, tukae kimya, watasahau. Na kwa kweli nilikuwa nataka wasahau. Lakini wateja walikuwa hawajarudi, nami nililalamika mbele yake, si mara moja.

Jumapili moja aliingia kanisani na viatu vyake, akapita upande wa wanaume, akaja akakaa upande wetu, pembeni yangu. Watu wakageuka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Wakati wa matangazo, nasema."

"Unasema nini?"

"Jina lako linasemwa bure."

Nilielewa. Alikuwa ametunza siri ile miaka yote, kwa pamba, kwa safari za Masasi, kwa kunichagua mimi mtu nisiye na ukoo. Nilikuwa na muda wa kumzuia. Ibada ni ndefu. Ingetosha mkono tu, kumshika shati na kumwambia usithubutu, mimi nitavumilia. Matangazo yakaanza. Akainuka. Mkono wangu ulikuwa mapajani, na nikauacha pale pale.

"Niliwaambia nimeanguka na mwanamke," akasema. "Si kweli. Nina virusi vya Ukimwi, tangu mama yenu yupo hai. Nilimeza dawa vikatulia, nikashukuru, nikaacha dawa kwa ujinga wangu, vikarudi. Sikuletewa na mtu. Ninyi ni wakulima. Unapulizia salfa, mkorosho unang'aa, unasema ugonjwa wa ubwiriunga umeisha. Haujaisha. Uko kwenye machipukizi ya ndani, yale yaliyo kivulini, unakusubiri uweke pampu chini. Na mimi niliweka pampu chini. Mama Neema alikuwa akinisindikiza kliniki. Msimseme tena."

Padri akaangalia karatasi yake, kisha akawaambia kwaya waimbe. Mama aliyekaa mbele yetu alimhamisha mtoto wake kutoka goti hili kwenda goti lile, mbali na sisi. Katekista akaketi.

"Haya," akaninong'oneza. "Sasa utauza kwa amani."

Nikamwambia asante.

Jumatatu walirudi kweli. Wa kwanza alikuwa kiongozi wa kwaya, anatabasamu meno yote. "Shoga yangu, kumbe masikini ulikuwa unamsaidia tu! Na sisi tulivyokusema!" Akachambua vitenge, akachagua kimoja, akakishika shavuni. Kisha akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Lakini hebu niambie, miaka yote hiyo tumekunywa naye meza ya Bwana kikombe kimoja. Sasa si umwambie awe anakuja na cha kwake?"

Nilimsikia vizuri sana. Nilichukua fimbo ya kupimia, nikamwuliza anataka mita ngapi.